Maji Meupe ya Ngedere

Ngedere mmoja alifuga aksolotli, mnyama wa majini afananaye na mjusi, mwenye matamvua mekundu ya kupumulia shingoni. Ngedere alipenda sifa. Siku ya wageni alimwaga maji yote ya tangi, akatupa sifongo ya kuchujia iliyojaa utelezi, akaweka mpya.

"Lo, yanang'aa!" wageni wakasema.

Siku ya nne aksolotli aligoma kula. Matamvua yalisinyaa, akawa anaelea akihema. Ngedere akamkimbilia Kobe, mfugaji wa samaki.

"Mzee Kobe, mwanangu anakufa, na maji ni meupe pe!"

"Meupe kwa nani?" Kobe akafoka. "Uchafu wake umeyeyuka humo, hauuoni, nao unamchoma. Vijidudu vinavyoula uchafu huo vilikuwa kwenye utelezi ulioutupa. Umefukuza wafagiaji, kisha unashangaa taka!"

Akachomoa sifongo nyeusi yenye utelezi kwenye tangi lake. "Weka hii. Kila siku badilisha robo ya maji, basi. Yawe ya baridi, yasiyo na dawa ya maji ya bomba."

"Kinyaa hiki? Wageni watanicheka!"

"Basi waite mazishini."

Ngedere akaiweka huku amekunja uso. Kila siku alitoa robo, akarudisha robo. Wiki ya tatu matamvua yalichanua, na aksolotli akanyakua mnyoo mkononi mwa Ngedere.

Mgeni mmoja akachungulia. "Mbona sifongo yako chafu hivyo?"

"Muulize anayeishi humo," Ngedere akajibu, akaenda kuchota robo ya siku hiyo.