Muuaji wa Sehemu ya Pili

Mkono wa muuaji ulijaa skrini nzima. Ulikuwa unavua glovu, kidole kimoja kimoja, na banda lote la video pale Bariadi likanyamaza.

Honorata alikamata ukingo wa benchi. Sehemu ya kwanza aliitazama humu humu na mdogo wake wa kiume. Yeye alisema muuaji ni dereva. Mdogo wake akaapa kuwa ni mke wa inspekta.

"Subiri sehemu ya pili, dada. Nikipatia, utaniamkia mbele za watu!"

Msimu wa pamba walimzika mdogo wake kijijini Ngulyati. Sehemu ya pili imefika leo.

"Hizi sehemu za pili ni ubabaishaji," jirani yake wa benchi alinong'ona. "Za ngumi wanamfufua stelingi, za upelelezi wanarefusha tu. Huyu ni dereva, mama, hata mtoto anajua."

"Si dereva," Honorata akajibu. "Ni mke wa inspekta."

"Haya, tutaona."

Kikabaki kidole gumba. Glovu ikakwama, ikavutwa tena.

Honorata akasimama.

"Kaa chini, unatuziba!" wa nyuma wakapiga kelele.

"Shikamoo," akasema kwa sauti, kabla glovu haijatoka.