Mgeni wa Siku Mbili

Mzee Ludovick aliandika jina lake kamili kwenye daftari la wageni, kisha akaongeza alikotoka, anayemtembelea na saa atakayoondoka. Binti yake Frida akashusha pumzi.

"Dad, just the name. Watu wanasubiri."

"Kuandikisha ni ustaarabu," alisema mzee. Aliyelelewa chini ya balozi wa nyumba kumi na daftari lake la wageni habadiliki. Hata jirani yake Mzungu huko Campbelltown hupewa taarifa kila mgeni anapolala nyumbani kwa mzee.

Walikuwa wamesafiri kwa treni zaidi ya saa nzima, kutoka upande mwingine wa Sydney, hadi nyumba hii ya wazee, Blacktown. Miguu ilimuuma, na moyo pia. Ulimboka alikuwa anakufa, na alikuwa amemwita.

Enzi za chama kimoja, wawili hao walikuwa miongoni mwa walimu saba wa Mbeya waliotaka vyama vingi. Walikutana kwa kisingizio cha kamati ya harusi, Ulimboka akiwa katibu. Jumamosi moja akaja mgeni kutoka Dar na sanduku la vipeperushi, akafikia kwa Ludovick. Jumapili polisi wakabisha hodi. Walimu sita walifungwa, na mgeni akafia rumande. Ulimboka peke yake hakuguswa. Alisema alikuwa msibani Tukuyu, lakini nani angemwamini?

Vyama vingi vikaja, mengi yakasahaulika. Hilo halikusahaulika. Hata hapa Sydney, kwenye sherehe za Watanzania, kiti cha pembeni ya Ulimboka kilikaa kitupu.

Sasa alikuwa kitandani, amebaki mifupa.

"Ndugu yangu," alisema, "miaka thelathini na mitano nimekataa. Nimechoka kukataa. Basi, na iwe ni mimi. Nisamehe nikapumzike."

Frida alitazama sakafu.

Ludovick alikuwa amekuja na maneno mengine, ameyapanga njia nzima, kituo baada ya kituo. Akayaacha. Aliona aibu, akaona na huruma, na uchovu ukazidi vyote viwili.

"Nimekusamehe," alisema.

Ulimboka alimshika mkono, akalia taratibu, kisha akapitiwa na usingizi.

Kwenye treni ya kurudi Frida alimwegemea baba yake begani. "You're a good man, Dad. Mimi nisingeweza."

 Mzee aligeukia dirishani na kufumba macho, akaiona tena ile meza ya polisi, siku ya kwanza ya kuhojiwa, na daftari la balozi limefunuliwa mbele yake kwenye ukurasa wa Jumamosi.

"Mgeni wangu. Anatoka Dar es Salaam. Atalala siku mbili. Ana sanduku moja."

Mwandiko ulikuwa safi, wa kialimu, na chini yake jina lake kamili.