Jaribio la Arobaini na Moja

Kwa hesabu za Mzee Badawi, fundi wa betri, madini ya risasi na dhahabu ni ndugu: yote mazito, yote laini. Risasi imekosa rangi tu. Safari hii akaitumbukiza pete ya risasi ndani ya manjano yanayochemka, akahesabu mpaka mia tatu, akaiopoa.

Iling'aa!

"Mama Shumi! Njoo! La arobaini na moja limejibu!"

Mkewe akaja mbio. "Hiyo si sufuria yangu?"

"Achana na sufuria, lete kidole!"

Akavishwa. Akaizungusha pete, akaizungusha tena, na kila alipoizungusha ilizidi kurudi kijivu, kidole nacho kikazidi kuwa cha njano. Mama Shumi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Mume wangu, mara ya mwisho kupakwa manjano hivi nilikuwa bibi harusi, nasingwa nije kwako!"

Mzee Badawi akakitazama kile kidole juani. Akalamba ncha ya penseli, akaandika daftarini: "Dhahabu imepatikana. Imehamia kwa mke wangu."

Alipoinua macho, mkewe alikuwa amemnyooshea mkono wa pili.