Ngoma Mpya ya Injinia Tirelli

Learco Bigliardi alitoa mkono wa kulia, ule uliobaki na vidole viwili, na Ermes Tirelli hakuwa na budi kuushika.

"Karibu, Injinia. Umechelewa mwaka mmoja tu."

Ermes alijichekesha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na alichokitaka yeye ni sahihi ya mzee huyu. Keshokutwa kesi ya vidole vilivyokatwa ingeanza kusikilizwa mjini Reggio Emilia. Mpira wa maji wa mashine ya kuoshea ulitoboka karakanani wakati Learco akiuviringisha, na mshtakiwa alikuwa Ermes, aliyeichora mashine na aliyekuwa msimamizi wa zamu siku hiyo. Wakili wake hakumficha: mzee akiondoa malalamiko, kesi imekufa, asipoyaondoa, jela inanukia.

Basi alikuja na karatasi mfukoni, na zawadi kwenye buti la gari: mashine mpya ya kuoshea kwa maji ya nguvu.

"Ngoma ya kuviringishia mpira nimeichora upya, Mzee Learco. Imejificha humu tumboni. Haichukui nafasi, na haitamuumiza mtu tena."

"Usinihubirie. Nionyeshe," alisema Learco. "Ua wangu mchafu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ermes aliosha ua kuanzia getini hadi kwenye ukuta wa nyuma, uliofunikwa wote na waridi la manjano. Mzee alikaa kwenye kiti akimtazama bila kupepesa, na mtazamo ule ulimtia Ermes hofu. Mtu uliyemtia kilema anakualika chakula cha mchana kwa mapenzi gani?

Alipomaliza, aliuviringisha mpira kama wanavyoviringisha mafundi wote wa bonde lile, presha ikiwa bado ndani. Vitabu vya maelekezo vinakataza, nao wanavicheka. Mpira mtupu hujikunjakunja, lakini uliojaa maji hujipanga kwenye ngoma safu kwa safu, ukapendeza kuutazama. Mkono mmoja alishika mpini, wa pili akauongoza mpira uliokuwa umepita katikati ya maua.

Kitu kikamchoma kiganjani. Akauchomoa mkono haraka. Kitone chekundu, basi.

"Waridi lako lina wivu, Mzee," alisema, akikilamba. Akazima mashine.

Learco alikishika kile kiganja, akakiangalia kwa muda. Kisha akainua macho kwenye saa ya mnara wa kanisa: saa nne kamili.

"Twende ndani," alisema. "Leo nakulisha mimi."

Supu ya kapeleti, tambi zilizojazwa nyama, ilikuwa tayari mezani. Ermes hakugusa kijiko mpaka mzee alipokunywa kwanza. Divai nayo aliingoja hivyo hivyo, na Learco akagundua.

"Unaogopa nimekuwekea sumu?"

"Mzee, utani gani huo!"

"Kula, mwanangu. Ningetaka kukuua, ningekupa ile mashine uliyonipa mimi."

Ermes alicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Alipotoa karatasi, Learco aliisukuma pembeni.

"Kwanza tule. Karatasi hailiwi."

Ikaja nyama ya kuchemsha. Ikaja jibini, ambayo mzee aliimega kwa kisu kifupi taratibu mno, kipande baada ya kipande, kwa mkono wa kushoto. Mara tatu Ermes alitaka kuaga, na mara tatu akakumbuka jela, akakaa. Na kila chombo kilipoondolewa, Learco alitazama dirishani, kule kwenye mnara.

"Unamngoja mtu?" Ermes aliuliza mwishowe. Alikuwa anawaza vijana wa chama cha wafanyakazi, au wapwa wa mzee, watu wenye mikono mizito.

"Simngoji mtu yeyote."

Learco alimwongezea divai.

"Unajua daktari aliniambia nini? Maji ya nguvu yakishapenya chini ya ngozi, yeye ana saa sita. Ndani ya saa sita anasafisha, mtu anarudi kazini. Zikipita, anakata. Wewe ulinizuia mpaka zamu ikaisha. Ulisema tuna mashine arobaini za kufunga kwa ajili ya maonyesho."

Ermes aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika kwelikweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nilikosa, Mzee Learco. Nakuomba radhi. Si kwa ajili ya kesi."

"Nimesikia," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Malizia jibini."

Baada ya kahawa ikaja pombe ya jozi, glasi ndogo, halafu nyingine. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa meza. Ermes aliona joto, na mkono ukamwelemea kidogo, akailaumu pombe. Mnarani kengele ikalia.

Saa kumi jioni. Learco alivaa miwani, akaivuta karatasi, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja kama mwanafunzi. Akaikunja na kumkabidhi.

Machozi yalimlenga Ermes. "Sijui nikulipe nini, Mzee."

"Hunidai, sikudai." Learco alimsindikiza hadi getini, wakipita kando ya ukuta wa manjano. "Sasa nenda moja kwa moja hospitali, wakakitazame hicho kiganja."

"Hospitali?" Ermes alicheka. "Kwa mwiba wa waridi?"

Learco alilishika tawi moja kwa vidole vyake viwili, akalivuta lote, kuanzia shinani hadi nchani, akafungua kiganja kumwonyesha. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Marehemu mke wangu Argia alilipanda hili kwa ajili ya wajukuu, Injinia," alisema. "Halina miiba."