Kidole Chini ya Msuli

Kidole cha daktari kilikuwa kimezama begani mwa msusi, kupitia mkato mdogo, kikipapasa kati ya msuli na mfupa uliovunjika.

"Panua mkato uone," alinong'ona bingwa aliyemfundisha kazi, kisu tayari mkononi. "Neva inapita hapo. Ukiikata, mama huyu hatauinua tena mkono kumsuka mtu."

"Nikipanua, nitaukata msuli anaoinulia mkono. Neva ninayo kidoleni, mwalimu."

Nyuma ya pazia la kijani, msusi, aliyetiwa ganzi ya mkono tu, alikohoa. "Mbona mnanong'ona, wanangu? Mmedondosha kitu humo?"

"Hatujadondosha kitu, mama. Tulia tu," daktari alimjibu.

Daktari hakuwa na shaka. Neva ilikuwa pale, laini kama uzi uliolowa, imelala upande wa ndani wa msuli, ikiteleza kidogo kila alipoigusa. Chini yake palikuwa na nafasi ya kutosha kulipitisha bamba la kuungia mfupa. Akakitoa kidole, akasogea kando.

"Gusa mwenyewe, mwalimu."

Bingwa aliingiza kidole chake huku amekunja uso. Kikatembea polepole, kikasimama, kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena palepale. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umeshika kisu. Akamrudishia muuguzi bila kukitazama.

"Mama," akaita kwa sauti, "ulisema una wateja wanaokungoja?"

"Wamejaa hadi mlangoni."

"Basi tusiwachoshe." Akampisha mwanafunzi wake. "Pitisha bamba."