Mikwaruzo ya Pipa la Nne

Aliyenipa habari hii ni mke wa Fundi mwenyewe, mwaka juzi, tumekaa benchi moja zahanati. Jina lake lilipoitwa dirishani hakuinuka mpaka alipoimaliza.

Siku ya kisa chenyewe alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, miguu iko nje. Jana yake aliliacha limesimama. Asubuhi alilikuta limelala ubavu. Ndani, chini kidogo ya shingo, palikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, imezunguka pipa zima.

"Si mkono wangu huu," alisema humo humo, na pipa likamrudishia maneno yake.

Mumewe alitengeneza divai ya mananasi, ndiyo maana watu wakamwita Fundi. Yeye mke, kazi yake ilikuwa mapipa. Divai ikishahamishwa hubaki pete ya ukoko wa kahawia, imeng'ang'ania kama gundi. Aliiloweka kwa maji ya moto na magadi siku mbili, ya tatu akaifuta taratibu kwa kipande cha fulana kuukuu. Kukwangua ni mwiko. Plastiki ikichubuka, uchachu unajificha ndani ya mchubuko, na hapo hata uchemshe bahari hautoki.

Mapipa matatu yalikuwa yamechacha mfululizo. Mwenye ukumbi wa harusi alionja, akatema, akaenda kwa mwingine. Ndipo Fundi akasukuma sahani yake mbele, watu wote wapo, akasema, "La nne likichacha, mmoja atatoka humu ndani. Na sitauliza nani mkweli."

Watu wote ni watatu tu: mkewe, dada yake na mama yao.

Mke alijua macho yanamwangalia nani. Miaka tisa ya ndoa, hana mtoto. Wa kumtetea angetoka wapi? Dada mtu naye alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, na sanduku moja, na ulimi mkali. "Wifi," alizoea kusema huku akisugua sufuria kwa dodoki lake la waya mpaka unajiona uso, "kuna wanaosafisha, na kuna wanaobembeleza uchafu."

Aliyempenda mle ndani alikuwa mama mkwe. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, lakini siku bibi harusi alipoletwa, ukoo mzima umemkunjia uso, ni yeye aliyempapasa shavu akasema, "Huyu ni mwanangu." Tangu hapo, kila jioni mke wa Fundi alimnawisha mikono na miguu, akamtoa uchafu wa kucha kwa njiti ya kiberiti.

"Mama, siku hizi unachimba dhahabu? Kucha zote mchanga."

"Nikikaa uani, mwanangu, ardhi ndiyo mwenzangu wa maongezi. Tuzoeane, maana siku si nyingi nahamia kwake."

"Wewe! Utatuzika sote."

Walicheka. Kisha bibi akauliza, kama alivyouliza kila mara, "Na pipa, limetakata?"

"Limetakata, mama."

"Mimi haya maplastiki yenu siyaelewi. Mtungi wangu ukishatakata, ulikuwa unalia wenyewe chini ya kidole."

Basi sasa mikwaruzo ilikuwa mbele ya macho yake, na mke wa Fundi hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Alijua. Kilichokosekana ni ushahidi tu. Alitoka ndani ya pipa, akaingia jikoni. Dodoki la waya lilikuwa juu ya sufuria, limekauka. Alilitazama. Kisha akalichukua, akalitupa chini kabisa ndani ya pipa, na ndipo akamwita mumewe.

Fundi aliangalia mikwaruzo, akaliangalia dodoki. Aliliburura sanduku la dada yake mpaka mlangoni.

"Kaka, mimi pipa lako sijaligusa," dada mtu alisema. Akageuka. "Wifi, niangalie usoni useme."

Wifi yake alikuwa anaangalia kanga iliyoanikwa.

"Haya. Macho unayo, umeamua kuyafumba."

Akajitwika sanduku. Pale njia panda alisimama muda mrefu, kama mtu anayechagua, na hakuwa na pa kuchagua.

Jua lilipokuwa linapungua, Fundi alijitupa kitandani na viatu vyake, hakula. Mke akabeba beseni la maji ya uvuguvugu mpaka kwa mama mkwe. Mikono ilipoguswa na maji, bibi akaivuta. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu.

"Amekwenda kweli?" bibi aliuliza.

"Amekwenda, mama."

Machozi yalimshuka bibi, akayaacha yashuke. "Nimemzaa mwenyewe yule. Lakini waya, jamani! Waya si unakwaruza? Nani alimfundisha kusugua kwa waya?"

Mke wa Fundi alikuwa ameshaanza na njiti, ukucha wa kwanza.

"Ila wewe umebaki, mwanangu, nashukuru," bibi alisema, akamshika kiganja. "Usiwe na hofu tena. Wewe loweka tu. Ukoko huwa unauacha-acha, vidole vyangu vinauona. Kila nikisikia umemaliza pipa, alfajiri yake nalilaza, nakumalizia kwa mchanga, kama mtungi, mpaka nilisikie linalia."

Akajifunika shuka, akageukia ukutani, akalala.