Kiti cha Akidi

Kwa heshima na taadhima, umma unajulishwa kwamba Bi Mwanahija, fundi cherehani, leo alianza kuiongoza elimu kwa kujitolea, akiwa mjumbe mpya wa bodi ya shule. Kwa dakika nne za mwanzo uongozi ulikwenda vizuri.

Kisha mwenyekiti wa bodi alisema wasubiri, akidi haijatimia.

"Huyu Akidi anakaa mbali?" aliuliza Bi Mwanahija.

Wajumbe wakacheka. Akachukua mkoba wake, akainuka aende zake asirudi tena.

"Kaa, mwanangu," alinong'ona Mzee Shekue, mjumbe mkongwe aliyepewa kazi ya kumwelekeza. "Akidi ni idadi ya wajumbe inayotosha kuanza kikao. Tunamngoja mmoja, ukiondoka tutangoja wawili."

"Na wewe ulicheka, mzee."

"Nilicheka kuliko wote," alikiri. "Mwaka wangu wa kwanza nilimwekea Akidi kiti, nikawafukuza waliotaka kukikalia."

Bi Mwanahija alibaki amesimama, mkoba kwapani, mkono mmoja bado umeshika egemeo la kiti chake.